Furu si samaki mmoja

Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, furu ni furu tu: vijisamaki vilivyochanganyika na dagaa, vinauzwa kwa mafungu, na hata takwimu za uvuvi huwaweka kapu moja. Wapo wanabiolojia wanaokaribia kuona vivyo hivyo, na hoja yao ina uzito. Mamia ya spishi za furu wa Ziwa Victoria yamezuka ndani ya miaka kama 15,000, tangu ziwa lilipokauka likajaa tena. Vinasaba vyao vinafanana mno, wakichanganyika huzaa, na watoto wao si tasa. Halafu rangi inayowatenganisha ni ya dume aliye hai. Ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhia samaki, hufifia. Majike ndiyo kabisa, ni vigumu kuwatofautisha.

Lakini wanaotenganisha furu katika spishi nyingi wamesemwa kupita kiasi, kana kwamba kazi yao ni kutunga majina tu. Watazame furu wawili wa eneo la Ghuba ya Mwanza, wa jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Pundamilia. Dume la Pundamilia pundamilia ni la buluu. La Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, lina mgongo mwekundu. Kisiwani Makobe, nje ya ghuba hiyo, kwenye maji maangavu, kila jike hufuata dume la aina yake. Ingia kusini mwa ghuba hadi kisiwa cha Luanso, maji yamejaa tope, na huwapati wawili tena: ni kundi moja lenye rangi za katikati. Mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walilipima jambo hili maabara, wakachapisha mwaka 1997. Kwenye mwanga mweupe majike walichagua rangi ya aina yao. Kwenye mwanga wa rangi ya chungwa, unaofuta tofauti hiyo, wakachagua yeyote.

Wanaounganisha huitaja Luanso kama ushahidi wao. Mimi naona inawageuka: samaki hawa hutengana pale wanapoonana. Udongo wa mashamba na majitaka yakizidi kuingia ziwani, spishi mbili zitakuwa moja bila hata samaki mmoja kufa. Kilo mwaloni zitabaki zilezile, ndoo zitajaa vilevile. Ukiwa umeshaandika "furu" tangu mwanzo, hasara hiyo utaihesabu wapi?

Kwenye jenasi nawakubalia. Mwaka 1980 mtaalamu wa samaki Humphry Greenwood aliwagawa furu katika jenasi nyingi, na wengi leo wamerudi kuwaita wote Haplochromis, hakuna kinachopotea. Spishi ni suala jingine. Nyingi bado zina majina ya muda tu ya watafiti, na hizo ndizo zinazohitaji maelezo rasmi haraka, pamoja na picha za madume wakiwa hai na kina cha maji walikovuliwa.