Hapana, hizi muvi hazipo zote kwenye simu

Juzi kaka yangu kaingia sebuleni kanikuta nimetandaza diski 15 mezani nazifuta moja moja kwa kile kitambaa cha miwani, akauliza lile swali ninaloulizwa kila mara, we dogo hizi si zipo zote kwenye simu? Nikamwambia hapana bro hazipo. Akacheka akijua namtania. Sikuwa natania, na kwa vile alikuwa anawahi daladala sikupata nafasi ya kumjibu vizuri, basi namjibu hapa na wengine wote mnaoniuliza hivyohivyo.

Zile diski ni boksi la Halloween, ule mfululizo wa muvi za kutisha, lile kubwa lililotoka Marekani 2014. Ile ya kwanza ya 1978 kila mtu anaijua, hata hajaiona anaujua ule muziki. Mi boksi sikulitafutia hiyo, nililitafutia namba sita. Namba sita walimaliza kuipiga, wakawaonyesha watazamaji wa majaribio, hawakuipenda, basi ikarudishwa kazini, zikapigwa sini mpya, mwisho ukabadilishwa kabisa, na yule mzee Donald Pleasence anayecheza Dokta Loomis alishafariki Februari 1995 kwa hiyo hakuwepo tena wa kurudia chochote, vipande vyake vingi vikaachwa chini. Kilichoingia sinema mwaka huohuo ni hiyo iliyoungwaungwa. Ile ya mwanzo ikabaki inazunguka kwa mashabiki kwenye mikanda ya VHS, kopi ya kopi ya kopi, karibu miaka 20, mpaka kampuni mbili tofauti zilipokaa pamoja zikatoa hilo boksi na ndani yake ikawekwa, safi, kihalali, kwa mara ya kwanza. Sasa ukiniambia Halloween 6 ipo kwenye simu nitakuuliza ipi? Maana ni muvi mbili zenye jina moja, na ukikosea ukaangalia ile iliyoungwaungwa hutajua kabisa kwamba yule mzee alikuwa na kazi kubwa ya mwisho kabla hajafa.

Hapo ndo penye hoja yangu yote. Hakuna aina ya muvi iliyokatwakatwa, kufungiwa na kuchomwa moto kama muvi za kutisha. Za mapenzi nani anazikata? Ya kutisha kila mtu ana mkasi. Uingereza miaka ya 80 polisi walikuwa wanaingia kwenye maduka ya kukodisha video wanabeba mikanda, kukawa na orodha ya muvi zinazotafutwa, kwa ujumla zilizopita kwenye hiyo orodha ni 72 na 39 kati ya hizo zilipatikana na hatia mahakamani, halafu 1984 wakatunga sheria kabisa kwamba kila mkanda unaouzwa lazima upitie bodi kwanza. Marekani nako wale wa kupanga madaraja ya umri waliwakata kina Friday the 13th, mfululizo mwingine wa kutisha, mpaka namba saba yake ya 1988 ikabaki kama mtu aliyenyolewa kwa chupa, na vile vipande vilivyotolewa tunavyoviona leo kwenye nyongeza za diski vina rangi iliyofifia ya mkanda wa video kwa sababu ndo hali waliyovipata nayo.

Na usiseme ni mambo ya miaka ya 80 tu. Nosferatu ya 1922, ya dairekta Murnau, Mjerumani, waliitengeneza kutoka kwenye kitabu cha Dracula bila ruhusa, mjane wa mwandishi akawashtaki akashinda, na 1925 mahakama ikaamuru kopi zote ziharibiwe. Zote! Tunayo leo kwa sababu kuna kopi zilikuwa zimeshasafiri nje ya nchi na kuna watu walizikalia kimya. Mi huwa nawawaza sana hao watu. Mtu ana mikebe ya filamu stoo, anajua haitakiwi kuwepo, na haitupi.

Nikirudi huku kwetu, mi nimezijulia muvi za kutisha kwenye kibanda umiza, Temeke, benchi la mbao, jasho, tiivii moja imewekwa juu kule, na sauti ya Lufufu inatafsiri juu ya muvi. Waliokuwepo wanajua. Kuna muvi mpaka leo nikiiangalia kwa sauti yake ya kiingereza naona kama imepungua kitu. Baadaye zikaja zile DVD za Kariakoo, muvi ishirini ndani ya diski moja, kava limejaa sura za mazombi na majina yamekosewa, na hilo ndo lilikuwa boksi seti letu na mi sitalidharau kwa sababu ndo lililonifundisha, ila muvi ishirini kwenye diski moja ujue zimekamuliwa mpaka damu yote imetoka.

Mfano mmoja naoujua kwa macho yangu. Night of the Living Dead ya 1968 lazima uliikuta kwenye hizo diski, na ipo sababu, muvi ilibadilishwa jina dakika za mwisho na wakati wa kubadilisha lile tangazo la hakimiliki likasahaulika, kwa sheria za Marekani za wakati ule ikawa mali ya umma papo hapo, kila mwenye mashine akaichapa atakavyo. Mi niliiona kama mara nne hivi kwenye hizo kopi na nilikuwa naamini ni muvi ya giza, kwamba yule dairekta Romero aliipiga hivyo makusudi, kijivu, ukungu, sura huzioni. Halafu nikapata toleo lililosafishwa kutoka kwenye negativu yenyewe, yaani ule mkanda wa asili uliopigiwa muvi, kazi iliyofanywa na makumbusho ya sanaa ya MoMA ya New York na wenzao, ikatoka kwenye diski 2018. Aisee. Sini ya mwanzo pale makaburini unaona nyasi moja moja. Unaona upepo. Na zaidi ya yote unamwona Duane Jones, yule jamaa mweusi ambaye ndo steringi, muvi ya 1968 Marekani, steringi mweusi anawaamrisha wazungu ndani ya nyumba, kwenye kopi zangu za zamani uso wake ulikuwa doa jeusi tu lenye macho, kumbe yule mtu uso mzima ulikuwa unaongea, jasho lipo, wasiwasi upo, ule uchovu wake wakati anapigilia mbao mlangoni upo. Nimemjua mwigizaji huyu nikiwa mtu mzima. Nilikasirika kidogo usiku ule, si kwa mtu yeyote, nilikasirika tu kwamba miaka yote hiyo alikuwa amefichwa na ubovu wa kopi.

Strimingi, hiyo ya kuangalia muvi kwa bando kwenye simu, inaweza kukupa picha safi, sikatai. Ila haikuambii inakupa toleo gani, na ikiamua kuiondoa kesho haikupigii simu. Bando umenunua we, muvi siyo yako. Tena wale Netflix wenyewe walianza kwa kutuma diski kwa posta, hiyo huduma wameifunga Septemba 2023, na sikuhizi anayetoa diski kwa moyo ni vile vikampuni vidogo vya wapenzi wa muvi, wanatoa boksi chache, zikiisha zimeisha.

Sasa tuongee shida zake maana zipo na mtu asinunue kwa kuniamini mi bure. Kwanza ni kanda, si mikanda ya video, nasemea maeneo ya dunia. Kwa Blu-ray, zile diski za picha kali kuliko DVD, dunia imegawanywa A, B, C, sisi Afrika tupo B pamoja na Ulaya na Uarabuni, Marekani ni A. Boksi langu la kwanza kutoka Marekani nilijibana miezi, nikaagiza kwa mtu, likafika, nikafunga mlango, nikaweka diski, ikaandika pale kwenye skrini kwamba diski hii haichezi eneo hili. Muuzaji aliyeniuzia ile deki aliniapia inasoma kila kitu. Nililala na lile boksi pembeni ya kitanda kama mgonjwa. Zile deki za mchina za DVD tulizozizoea zilikuwa hazichagui, ndo maana wengi wetu hatukuwahi kujua kama kuna kitu kinaitwa kanda, ila Blu-ray haina mchezo. Kwa hiyo ama utafute deki iliyofunguliwa kanda zote, ama ununue matoleo ya Uingereza (dada yangu yuko kule, ndo mkombozi wangu, ananibebea akija likizo), ama upande kwenye diski za 4K, zenye picha kali zaidi ya Blu-ray, ambazo zenyewe hazina kanda kabisa.

Pili ni hewa ya Dar. Wakusanyaji wa huko nje ukiwasikiliza wanaogopa jua lisipaushe kava, sisi adui yetu ni unyevu. Masika moja nilisukuma rafu ikagusa ukuta wa nje, kuja kushtuka boksi tatu za chini zimefura kama mkate kwenye chai, kitabu cha ndani kurasa zimegandana, nikawa nazifungua kwa kisu cha mezani polepole nikisikia zinachanika. Diski zilipona. Tangu siku ile rafu iko kiganja kimoja kutoka ukutani na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya situpi hata kimoja, familia nzima wananiletea.

Kuna boksi moja ndo linanipa usingizi mbaya kuliko yote na si kwa sababu ya mazombi. Linaitwa All the Haunts Be Ours, la 2021, limekusanya muvi za kutisha za vijijini, za mizimu na mila, kutoka nchi tofautitofauti. Mle ndani kuna Leptirica, ya 1973, muvi ya televisheni ya Yugoslavia, kijiji, kinu cha kusagia unga, na usiku kuna kitu kinawaua wasagishaji. Muvi ndogo, ya tiivii, nchi yenyewe imeshavunjika, haipo kwenye ramani, lakini muvi yake ipo kwenye boksi zuri, imesafishwa, ina sabutaito, na ina watu wanaielezea.

Nikaanza kuwaza za kwetu. Miaka ya 2000 dairekta wetu Mussa Banzi alitutengenezea muvi ya Nsyuka, akatutengenezea na Shumileta, watu waliogopa kweli, watoto walikuwa hawaendi chooni usiku. Majini yetu, makaburi yetu, kwa lugha yetu. Ziliuzwa kwenye mikanda na diski za bei ya chini, zikapigwa kopi, zikakwaruzwa, na ile tabia ya kuuza Part 1 diski yake na Part 2 diski yake ikafanya hata waliozitunza wengi wametunza nusu. Hao mashabiki waliobeba Halloween 6 kwenye mikanda ya kopi miaka 20 hawakuwa kampuni, walikuwa watu wenye kabati. Na sisi makabati tunayo.

Kwa hiyo mwaka huu sinunui boksi jipya. Hela hiyo nazungukia majirani, mafundi tiivii, waliowahi kuwa na laibrari za kukodisha mikanda, na kwenye mabegi ya chini ya kitanda ya mashangazi. Mpaka sasa nina diski 11 za kibongo za kutisha, 4 zinasoma vizuri, 3 zinakwama katikati, zilizobaki bado sijapata moyo wa kuzijaribu. Kuna moja ya jini, kava limeliwa na mende hata jina halisomeki, ni Part 2, inacheza mwanzo mpaka mwisho bila kukwama. Nimeiweka rafu ya juu kabisa na pembeni yake nimeacha nafasi ya diski moja, kwa hiyo kama kwenu mna diski za zamani mnataka kuchoma taka wikiendi hii, naomba mzipekue kwanza.