Wametupindulia A na E

Jamani, Kihispania kinatutakia nini na subjuntivo yake, umbo la kitenzi la kutaka, kuomba au kutilia shaka jambo? Kwetu mambo ni mepesi: nataka useme, inafaa alale. A ya mwisho inageuka E, tunaendelea na chai.

Unaanza na hablar, kusema. Chukua umbo la "mimi" la wakati uliopo, hablo, kata o, bandika e, kisha panga mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao: hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen. Quiero que hables, nataka useme. Unashangilia, kumbe ni ndugu zetu hawa!

Subiri kwanza. Kinakuja comer, kula, chenye E yake tayari. Wao wanaigeuza kuwa A! Coma, comas, coma, comamos, comáis, coman. Vivir, kuishi, nacho kimefuata mkumbo: viva, vivas, viva... Kwa hiyo habla ni anasema na hable ni aseme, lakini come ni anakula na coma ni ale. Vokali zinapokezana zamu kama makonda wa daladala. Halafu utamke mkazo vizuri: HA-ble ni aseme, ha-BLÉ ni nilisema. Umeomba jambo la kesho, umeripoti la jana.

Na hivi ndivyo wanaviita vitenzi vya kawaida! Buscar, kutafuta, kinatoa busque, kwa sababu c mbele ya e haisomeki k tena. Llegar, kufika, kinatoa llegue, g isije ikakwaruza koo. Cruzar, kuvuka, kinatoa cruce.

Mtego mkubwa ni cuando, yaani "wakati" au -po- yetu. Sisi tunasema "utakapofika, nipigie", wakati ujao mtupu, ndiyo maana Mswahili anaandika cuando llegarás. Kosa! Safari haijakamilika, andika cuando llegues. Ikiwa ni mazoea ya kila siku, hapo cuando llegas, unapofika. Imani nayo ina masharti: creo que llega, naamini anafika, ukikana tu, no creo que llegue. Sisi tunasema "sidhani kama atafika" na hakuna anayeumia.

Afadhali ukiwa wewe mwenyewe unataka, unaacha que na kutumia kitenzi kizima: quiero comer, nataka kula. Hapo tumeelewana. Na kama safari yako ni ya Meksiko, habléis, comáis na viváis za "ninyi" ziruke, kule kwa "ninyi" wanasema ustedes hablen. Wa Madrid, poleni, karirini zote sita.