Ukitaka kumtetea mzee, anza na anayemgeuza usiku

Kila Oktoba 1 wazee wetu hupangwa viti vya mbele, husomewa risala, hugawiwa sabuni na shuka. Shuka ni jambo jema. Ila ukishafika nyumbani kwa mzee aliyepooza, kule Mabatini au Igogo jijini Mwanza, juu ya mawe, unaona kwamba risala nzima haikumtaja mtu mmoja: mkaza mwana, binti au mjukuu anayemuuguza. Kwa maoni yangu, anayewatetea wazee bila kumtetea huyu hajawatetea wazee.

Tupige hesabu. Mzee asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa 2, yaani mara 12 kwa siku, mara 84 kwa wiki. Usiku peke yake, tangu saa 4 hadi alfajiri saa 12, ni mara nne. Anayefanya hivyo ndiye anayepika, anayefua na anayepandisha ndoo za maji mlimani. Akipitiwa na usingizi usiku mmoja tu, kidonda kinaanza: juu ya makalio, nyongani, visiginoni. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri uone wekundu. Pitisha kiganja, ukikuta pana joto, pamekuwa pagumu au pamebadilika rangi kuliko pembeni, pameshaanza. Wengi hukimbilia kupasugua ili damu itembee, au kumkalisha mzee juu ya kanga iliyoviringishwa kama kata. Yote mawili yanadhuru: kusugua kunaumiza ngozi iliyokwisha kuchoka, na ile kata inabana damu pande zote. Mto laini chini ya mashavu ya miguu, ili visigino vining'inie bila kugusa godoro, unasaidia zaidi na hauna gharama.

Kwa hiyo jambo la kwanza la mtetezi ni daftari. Kaa na mzee umwombe ridhaa, kaa na anayemuuguza, kisha andikeni kwa siku 14: saa alizogeuzwa, dawa aliyopewa na aliyoikosa, safari za hospitali na watu wangapi walimbeba kutoka nyumbani hadi bajaji inapofika, fedha zilizotoka, na saa ambazo mwuguzaji alilala. Usipige picha ya mzee akiwa kitandani ukairusha kwenye kundi la WhatsApp eti kuamsha huruma. Heshima yake ndiyo unayoitetea, na tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na mzee asiyejiweza ana haki ya matibabu bila malipo kwa kitambulisho cha halmashauri. Hapa ndipo pana kazi kubwa. Jina la kwenye kitambulisho cha taifa halifanani na la kwenye daftari la mtaa. Mwaka wa kuzaliwa ulikisiwa. Au kila kitu kiko sawa, mzee anafika dirishani, anaambiwa dawa ya presha hakuna, akanunue. Usibishane dirishani. Omba kwa upole iandikwe kwenye cheti kwamba dawa haipo, pamoja na tarehe. Vyeti vitano vya namna hiyo kutoka zahanati moja vina nguvu kuliko malalamiko ya mtaa mzima, kwa sababu diwani anaweza kusimama navyo kwenye kikao.

Kuhusu fedha tuseme ukweli. Zanzibar wanalipa pensheni jamii kwa waliofikisha miaka 70 tangu 2016. Huku bara hatuna ya namna hiyo kwa wazee wote. Mikopo ya vikundi, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawana fungu. Lakini mwanamke anayemuuguza mzee analo! Halikosi kwa sheria, hulikosa kwa sababu hawezi kuhudhuria vikao vya kikundi. Mtetezi mwenye akili atatafuta jirani wa kukaa na mzee saa 2 kila wiki kabla ya kuanza kudai mambo makubwa.

Kama anayeuguza ameajiriwa kwa kazi hiyo, mambo ni mengine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Akiachishwa kazi kwa kuonewa, ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwambieni mapema, kwani wengi huzimaliza siku hizo kijijini kwao wakisubiri kuitwa tena.

Liko pia jambo lisilosubiri daftari. Usukumani bibi mwenye macho mekundu bado husingiziwa uchawi, na macho hayo ameyapata kwa miaka mingi ya moshi wa kuni na wa samadi jikoni. Ukisikia minong'ono, nenda polisi na kwa mtendaji siku hiyo hiyo, na bibi asilale peke yake.

Mengine yaingie kwenye barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa ustawi wa jamii na kwa diwani. Ombi liwe moja, linalopimika: ngazi za saruji na bomba la kushikilia kwenye njia fulani, au dawa za presha zisikosekane zahanati fulani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, hivyo ipeleke kabla ya Desemba. Ya Mei hukuta bajeti imeshapangwa. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wiki mbili zikipita kimya, usiandike barua mpya. Rudi na ile yenye muhuri, na daftari, na huyo mwuguzaji aje aseme mwenyewe.