Ukali unaojenga timu na ukali unaoziba midomo

Wanaotetea uongozi wa ukali wenye upendo, yaani kumwambia mfanyakazi kosa lake waziwazi kwa nia ya kumsaidia, wana hoja nzito. Meneja anayeona haya kusema ukweli hamsaidii mtu; anamwacha aharibu kazi mpaka siku ya barua ya kuachishwa, na mwenyewe hajui alikosea wapi. Wanaoumia zaidi ni wachapakazi, maana mzigo wa mzembe unawaangukia wao, na mara nyingi wao ndio wanaotangulia kuondoka.

Wapinzani nao wana ushahidi. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichambua tafiti nyingi kuhusu mrejesho, yaani maoni anayopewa mtu kuhusu kazi yake, wakakuta zaidi ya theluthi moja ya mirejesho ilishusha utendaji, hasa pale mtu alipoanza kujifikiria yeye badala ya kazi. Mtafiti mwingine, Amy Edmondson, alipochunguza timu za hospitali, alikuta zile zenye uongozi bora ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa, kwa kuwa watu wake hawakuogopa kusema. Katika biashara, woga huo unaleta hasara kimyakimya: karani anajua mteja amekasirika, mhasibu anajua, bosi anakuja kujua mteja akishahama.

Kwa hiyo swali la maana ni ukali unaelekezwa wapi. "Wewe ni mzembe" haimwonyeshi mtu la kufanya. Linganisha na hili: "Ankara tatu kati ya kumi za jana zina kiasi kisicho sahihi, na mteja mmoja amerudisha yake. Kesho kabla ya saa 6 mchana nataka zote tatu zirekebishwe. Nini kinakukwamisha?" Kauli hii ni kali, haina kubembeleza, ila inataja kosa, athari, muda na msaada. Swali la mwisho lisiachwe, kwa sababu mara nyingi jibu lake ni bei za zamani kwenye mfumo au mafunzo ambayo hayakutolewa, na hapo mwenye deni ni meneja.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu mkubwa. Kiwango kiandikwe kabla ya kazi kuanza. Kosa lizungumzwe ndani ya siku moja au mbili, faraghani, kisha tarehe ya kukagua iwekwe na iheshimiwe. Kinachowashinda wengi ni hiyo tarehe. Wanafoka Jumatatu, Ijumaa wamesahau, na timu inajifunza kusubiri hasira ipite.

Kuna pia ukali wa kupanga wafanyakazi kwa madaraja, wa daraja la chini wakawa hatarini kuachishwa. Microsoft iliacha mpango wa namna hiyo mwaka 2013. Udhaifu wake unaeleweka: nikimfundisha mwenzangu kazi, nimempa nafasi ya kunipita.

Nakubaliana na watetezi wa ukali, ila kwa sharti ambalo wengi wao hawalitimizi: kiwango kiwe kimoja kwa wote. Muuzaji anayeleta mauzo makubwa huku akiwatukana wenzake aitwe faraghani wiki ileile, aonyeshwe alichosema, na apewe muda wa kubadilika kama mwingine yeyote. Akiachwa kwa sababu ya mauzo, wasaidizi wa chini wanaokaripiwa kwa kuchelewa dakika kumi wataelewa kwamba ukali ule ni wa wasio na nguvu tu, na hakuna mrejesho wa meneja huyo watakaoupokea tena kwa nia njema.