Mmeoana na mnaishi Uingereza? Ombeni viza hapo hapo mlipo

Kuna ushauri unaozunguka sana kwa Watanzania na Wakenya wa hapa Uingereza, hasa kwa dada zetu waliokuja kusoma au kufanya kazi kisha wakaolewa na mtu mwenye uraia au ukaazi wa kudumu: "Rudi nyumbani ukaombe viza ya mke kutoka huko, ndiyo njia safi." Wanaoutoa wana nia njema. Wengine ni mama zetu wazazi, wanaoogopa watu waseme binti yao kaolewa kwa ajili ya makaratasi. Mimi naupinga kwa moyo wote, maana nimeona ndoa changa zikikaa mbalimbali miezi na miezi wakati sheria haikuwataka watengane hata siku moja.

Mwenye viza ya mwanafunzi au ya kazi kwa kawaida anaruhusiwa kuhamia viza ya mwenza akiwa humu humu nchini. Aliyekuja kutembea tu, kwa viza ya mgeni, ndiye ambaye kwa kawaida hawezi, na anayemwambia "jaribu tu bahati" anamtia hasarani.

Tuanze na pesa. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ada ya kuomba ukiwa ndani ilikuwa pauni 1,321. Ukiomba kutoka nje ilikuwa 1,938. Juu yake kuna tozo ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka. Viza ya anayeomba ndani ni ya miezi 30, kwa hiyo tozo yake ni pauni 2,587.50. Ya anayeomba nje ni ya miezi 33, naye hulipa 3,105. Ongeza nauli ya ndege na kipimo cha kifua kikuu, ambacho Mtanzania au Mkenya anayeomba kutoka kwao lazima akifanye.

Lakini hoja nzito ni kipato. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 wanandoa wanatakiwa kuonyesha pauni 29,000 kwa mwaka; kabla ya hapo kiwango kilikuwa 18,600, kilichowekwa mwaka 2012. Sasa chukua mume anayefanya kazi ghalani au kwenye nyumba ya wazee kwa kima cha chini cha pauni 12.21 kwa saa, kilichotumika mwaka 2025/26. Afanye saa 40 kila wiki, mwaka mzima bila kukosa, hafiki hata 25,500. Peke yake hawezi. Mke akienda kuombea Dar es Salaam, mshahara wake wa Dar hauhesabiwi hata angekuwa meneja wa benki. Akiomba akiwa hapa, na viza yake inamruhusu kufanya kazi, mshahara wake unajumlishwa na wa mumewe. Hata zile saa 20 kwa wiki anazoruhusiwa mwanafunzi wa shahada wakati wa masomo zinaweza kuziba pengo. Yule anayemwambia arudi nyumbani "kwa heshima" anamwambia aache nusu ya ushahidi wake uwanja wa ndege.

Na hii aibu ya "kaolewa karatasi" inaumiza watu kwa namna nyingine pia. Wenzi wa kweli wanajificha. Mkataba wa nyumba uko kwa jina la mume, bili ya umeme kwa jina la mume, kodi ya halmashauri hivyo hivyo, na mke hajabadilisha anwani benki wala kwa daktari wa mtaa kwa sababu hataki maswali. Siku ya kujaza fomu wanakaa chini wanatafuta barua zenye majina yao wote wawili na anwani moja, hawana. Wana picha za harusi mia tatu, na ofisa anataka bili ya maji. Ndugu yangu, andikisheni majina yenu wote tangu mwezi wa kwanza mnaohamia pamoja. Hati za mshahara za miezi sita ziwekeni, na taarifa za benki zinazoonyesha pesa ile ile ikiingia, senti kwa senti.

Kwa Waislamu wenzangu nina neno la pekee. Nikah iliyofungwa sebuleni Leicester au msikitini Milton Keynes, bila kusajiliwa kwa sheria za hapa, si ndoa mbele ya sheria ya Uingereza. Mahakama ya Rufaa ilishikilia msimamo huo Februari 2020, katika shauri la wenzi waliofunga nikah mgahawani London mwaka 1998, wakaishi pamoja na kuzaa watoto wanne. Nikah iliyofungwa Zanzibar au Mombasa na kusajiliwa kwa sheria za huko ni habari nyingine, cheti chake kinatambuliwa. Mliofunga hapa, nendeni kwa msajili wa ndoa. Toeni taarifa mapema, kwa sababu kuna kusubiri siku 28, na mmoja wenu akiwa chini ya masharti ya uhamiaji siku hizo zinaweza kurefushwa hadi 70. Wasioweza kusajili kwa wakati bado wanaweza kuomba kama wenza wasiooana, mradi wathibitishe uhusiano wa miaka miwili ulio kama wa ndoa. Tangu Januari 2024 si lazima miaka hiyo yote wawe wameishi nyumba moja.

Ombi liingie kabla viza ya sasa haijaisha. Likiingia kwa wakati, haki zako zilizopo zinaendelea mpaka uamuzi utoke, pamoja na haki ya kufanya kazi. Likichelewa, umekwisha kuwa mtu asiye na ruhusa, na mwajiri anaweza kukusimamisha.

Na dada, mume akikupiga kisha akakwambia "nitaandika barua moja tu urudishwe", jua kwamba aliye kwenye viza ya mwenza ambaye ndoa yake imevunjika kwa sababu ya ukatili ana njia yake ya kuomba ukaazi wa kudumu. Haihitaji sahihi ya mume.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo njia hii ya ndani inalitoza kwa ukali, na hapa ugomvi wangu ni na sheria yenyewe. Ukishaomba, usitoke. Ukivuka mipaka ya Uingereza, Ireland na visiwa vya jirani kabla ya uamuzi, ombi lako linahesabiwa umeliondoa mwenyewe, na ada imekwenda. Ninamfahamu dada aliyefiwa na mama yake Moshi akiwa anasubiri. Kwao mwili husubiri watoto wote wafike. Safari hii ndugu walisubiri siku moja baada ya nyingine, wakipiga simu kuuliza kama barua imetoka, mpaka wazee wakasema basi. Alizika kwa simu. Tulikuwa tumejaa sebuleni kwake, mtu mmoja ameshika simu iliyoegeshwa kwenye birika la chai, mtandao unakatika kila mara, na ilipofika zamu ya watoto kutupa udongo kaka yake alitupa mara mbili, akasema, "Hii ni ya dada."

Anayeweza kulipa pauni 1,000 zaidi kwa huduma ya haraka hupata jibu, kwa kawaida, siku ya kazi inayofuata baada ya kutoa alama za vidole. Kwa hiyo ruhusa ya kwenda kumzika mzazi ipo, inauzwa, na yule dada hakuwa nayo hiyo elfu moja baada ya kulipa karibu elfu nne. Home Office, wizara ya mambo ya ndani inayotoa viza, ina picha yake, ina alama zake za vidole, ina anwani yake na ya mumewe. Kumpa siku kumi na nne za kwenda msibani na kurudi, ombi lake likiendelea, kusingempotezea ofisa yeyote chochote. Hilo ndilo ninaloliandikia barua kwa mbunge wangu, na ninawaomba wenzangu wenye kura hapa mumwandikie wa kwenu pia.