Kiti cha Msiri na bwawa la Laeken

Nyumbani kwetu Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, kuna msalaba wa shaba juu ya kabati la vyombo. Si wa kanisani. Ni ule wa zamani wa Katanga, mikono yake minne inakaribiana urefu, na ni mzito kuliko anavyotarajia mtu anayeushika mara ya kwanza. Ukipitisha kidole, upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza, kwa sababu shaba ilimiminwa mchangani ikaachwa wazi ipoe. Zamani ulikuwa pesa. Baba aliurithi kwa baba yake. Kila tarehe 20 Desemba, Bayeke, kabila la baba, wanapokusanyika Bunkeya kumkumbuka Mwami Msiri, mfalme wao aliyeuawa 1891, baba asipopata nauli ya kwenda anauteremsha, anausugua kwa ndimu na majivu mpaka ung'ae, kisha anasema maneno yale yale: wazungu wasingemuua Msiri, Katanga hii ingekuwa na wenyewe.

Mama ni Musanga, wa kabila la Basanga. Mwaka jana alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, akamjibu bila kugeuka: "Baba ya batoto, ule mwami wenu alikuwa anauzisha batu. Weye unamulilia Msiri. Siye Basanga, ni nani alitulilia?"

Nimekulia katikati ya maneno hayo mawili. Nampenda baba kwa uaminifu wake na mama kwa kutosahau kwake, lakini kadiri ninavyosoma habari za nchi hii ndivyo ninavyoona kwamba swali lenyewe tunaliuliza vibaya.

Hapa Lubumbashi kila mtu ana "kama" yake kuhusu Msiri. Inayosikika zaidi ni ile ya Waingereza. Novemba 1890 Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes akitaka mkataba, na Msiri akamrudisha mikono mitupu. Angekubali, mpaka ungepita kaskazini yetu, tungekuwa Wazambia tangu 1964, na mimi leo ningekuwa naandika Kibemba au Kiingereza badala ya Kiswahili. Sawa. Lakini hilo ni suala la mkataba. Linaloninyima usingizi mimi ni suala la kiti.

Msiri alikuwa mzee. Alizaliwa karibu mwaka 1830 huko upande wa Tabora, kwa hiyo Desemba 1891 alikuwa na miaka kama 60. Hata Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji aliyemuua, asingempiga risasi, angekufa kwa maradhi miaka michache mbele, kama wanavyokufa wafalme wote. Kwa hiyo ukisema "kama asingeuawa" hujasema mengi. Nani angekaa baada yake, na ni mkono wa nani ungemkalisha? Hapo ndipo njia zilipogawanyika.

Tukumbuke huo ufalme ulikuwa wa namna gani. Baba yake Msiri, Kalasa, alikuwa akija huku kununua shaba. Mtoto akafuata njia ya baba, ila yeye hakurudi. Aliwasaidia machifu waliompokea kupigana na adui zao, akawa na bunduki wasizokuwa nazo, na mwishowe akawa mkubwa kuliko waliomkaribisha. Njia zake za biashara zilifika Benguela, pwani ya Angola, magharibi na pwani ya Uswahilini mashariki: pembe za ndovu, shaba, chumvi, na watu. Mama hasingizii. Na ndoa zake zilikuwa siasa vilevile. Alioa kila upande aliohitaji rafiki, hata Maria de Fonseca, mwanamke wa damu ya Kireno aliyetoka upande wa Angola. Kila mke alikuja na ukoo nyuma yake, na kila mtoto wa kiume alikuwa na wajomba wa kumsukuma mbele.

Na jambo ambalo sisikii mtu akilisema: ufalme wa Bunkeya haukuwa umewahi kurithiwa hata mara moja. Msiri alikuwa wa kwanza. Sheria ya urithi ilikuwa bado haijajaribiwa, hakuna mzee aliyekumbuka "mara iliyopita tulifanya hivi." Majirani zetu Babemba walikuwa wamezika Chitimukulu wengi, ndivyo wanavyowaita wafalme wao, na walijua kiti kinapita kwa ndugu na kwa watoto wa dada, waligombana sana, lakini waligombana ndani ya kanuni. Hata wao, mwaka 1898 Mwamba, chifu wao mkubwa, alipokufa, askofu Joseph Dupont wa Mapadri Weupe alijitokeza akidai kwamba marehemu amemwachia nchi. Kiti kikiwa wazi, mgeni huona mlango. Bunkeya mlango ulikuwa wazi zaidi, maana urithi wa kwanza kabisa wa ufalme ule uliangukia mikononi mwa watu waliokuja na bendera.

Msafara wa Kapteni William Stairs, Mkanada aliyetumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ulifika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Nchi ilikuwa na njaa, Basanga walikuwa wameasi. Tarehe 19 Stairs akapandisha bendera bila ridhaa ya mwenye nchi. Tarehe 20 akamtuma Bodson kumleta Msiri. Msiri akapigwa risasi akafa, na Bodson naye akapigwa na mtu wa Msiri akafa. Kichwa cha Mwami kilikatwa. Baba hawezi kulisimulia hilo bila kunyamaza kwanza, na mimi sitalipamba.

Kilichofuata hakina damu, ndiyo maana tunakipita haraka. Stairs alihitaji mtu wa kukaa kwenye kiti. Akamtambua Mukanda-Bantu, mmoja wa wana wa Msiri, kwa sharti la kuikubali bendera, na eneo lake likawa dogo kuliko la baba yake. Machifu wa Kisanga waliokuwa chini ya Bunkeya wakaachiwa. Miaka iliyofuata wapiganaji wa Bayeke wakasimama upande wa wazungu dhidi ya Basanga hao hao. Ukitaka kujua kwa nini mama na baba hawajamaliza mazungumzo yao mpaka leo, anzia siku ile mrithi alipochaguliwa, na siyo risasi tu.

Simlaumu Mukanda-Bantu. Kijana aliyeona kichwa cha baba yake kimebebwa, watu wake wakifa njaa, angefanya nini? Alitawala mpaka 1910, na bila yeye pengine leo kusingekuwa na Bayeke wa kukumbuka chochote. Lakini toka siku ile ufalme ukajifunza kwamba anayetawazwa na wazee peke yao hajatawazwa. Amri ya 1910 ya utawala wa Kibelgiji ililiweka hilo kwenye karatasi: chifu anatambuliwa na serikali, anavishwa medali shingoni.

Sasa nivuke bahari, kwa sababu huko ndiko ninakotaka msomaji anifuate. Huyo Leopold aliyeamua, kwa mkono wa Stairs, ni mtoto gani wa Msiri atakaa kwenye kiti, yeye mwenyewe hakuwa na mtoto wa kumrithi.

Aliwahi kuwa naye. Mvulana mmoja, jina lake Leopold vilevile, aliyezaliwa 1859. Alianguka katika bwawa huko Laeken, kwenye kasri la mfalme, akaugua mapafu, akafa tarehe 22 Januari 1869 akiwa na miaka 9. Wanasema siku ya mazishi mfalme alipiga magoti kando ya jeneza akalia mbele za watu. Walibaki wasichana, na katiba ya Ubelgiji haikumruhusu mwanamke kurithi kiti. Sheria hiyo ilidumu mpaka 1991. Mwaka 1872 akazaliwa mtoto mwingine, naye akawa msichana. Basi kiti kikahamia kwa ukoo wa ndugu yake. Mrithi akawa mpwa wake Baudouin, naye akafa kwa maradhi tarehe 23 Januari 1891, miaka 21, miezi kumi na moja tu kabla ya Msiri. Kikabaki kwa mdogo wake, Albert.

Ukitaka kuona jinsi vifo hivyo vinavyotuhusu, tazama majina. Albert, kabla hajawa mfalme, alizuru Kongo mwaka 1909 na aliingia kwa kupitia huku kwetu Katanga. Desemba mwaka huo Leopold akafa, Albert akakaa kwenye kiti, na mwaka uliofuata reli kutoka Rhodesia ilipofika na mji wetu wa Lubumbashi ukaanza, ukaitwa Élisabethville, jina la mke wake. Baudouin angepona, mji huu ungepewa jina la malkia mwingine ambaye hakuna hata mmoja wetu anayemjua. Kalemie iliitwa Albertville. Na Moba, kando ya ziwa Tanganyika, iliitwa Baudouinville, kwa heshima ya mfalme ambaye hakuwahi kuwa mfalme.

Lakini majina ni kitu chepesi. Yalifutwa mwaka 1966 na tukaendelea. Kizito ni hiki. Kongo ya wakati ule haikuwa koloni la Ubelgiji, ilikuwa mali ya Leopold. Mwaka 1889 aliandika wasia wa kuiachia Ubelgiji, na mwaka 1890 bunge la nchi yake likamkopesha faranga milioni 25. Ndipo mwaka 1908, baada ya dunia kupiga kelele juu ya mikono iliyokatwa na mpira uliochumwa kwa mtutu, Ubelgiji ikaichukua. Je, mtu mwenye mwana wa kiume angeandika wasia kama ule?

Mimi naamini asingeandika. Huyu ni mtu aliyehangaika miaka mingi ili mali yake isifike kwa binti zake, mpaka baada ya kifo chake wakaenda mahakamani kuidai. Mtu wa namna hiyo, angekuwa na mtoto wa kiume, angeishika Kongo kama shamba la ukoo. Yule mvulana wa bwawani angekuwa na miaka 50 baba yake alipokufa. Ningeweza kuambiwa kwamba deni lingemlazimisha kuachia tu, na kweli deni lilikuwa zito. Hata hivyo mwenye mrithi hutafuta njia za kulipa ambazo asiye na mrithi hazitafuti. Nikiwaza hivyo napata baridi: utawala uliowaua babu zetu ungeweza kuwa wa baba na mwana. Sisemi kilichokuja 1908 kilikuwa kizuri. Babu aliyeshuka mgodini hawezi kuniruhusu niseme hivyo. Nasema tu kwamba mtoto wa watu aliteleza kwenye maji mbali huko, na sisi tukabadilishwa mwenyewe.

Bunkeya je? Nimejaribu kufikiri Msiri akifa kitandani mwaka 1886, mwaka ule mmisionari Frederick Arnot alipofika. Wana wangegombana, wajomba wangesukumana, huenda damu ingemwagika. Lakini wangekuwa na miaka mitano ya kumaliza wenyewe. Na yeyote ambaye angeshinda angelazimika kutafuta urafiki wa Basanga, kwa sababu hakuwa na ile hofu ambayo jina la Msiri peke yake lilitosha kuitia. Stairs angekuta mfalme kijana mwenye majirani, badala ya mzee aliyezungukwa na uasi na njaa. Bendera ingepandishwa tu, nakubali. Bunduki za Ulaya zilikuwa njiani. Ila kiti kingekuwa kimesharithiwa mara moja kwa mkono wa wenyewe, na kumbukumbu hiyo moja ingekuwa na thamani kuliko mkataba wowote.

Wabelgiji walilielewa somo la Bunkeya kuliko sisi. Tarehe 12 Novemba 1931 walimwondoa Mwami Musinga wa Rwanda, wakamkalisha mwanawe Rudahigwa bila kuwapa nafasi abiru, watunza siri za kiti, wafanye kazi yao. Musinga hatimaye wakamleta uhamishoni Katanga, huko Moba, akafia huko mwaka 1944. Mfalme aliyeng'olewa kwenye kiti, katika mji uliopewa jina la mrithi ambaye hakukikalia. Nilipolitambua hilo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Na leo? Sheria ya 25 Agosti 2015 inamtambua chifu wa kimila kwa kufuata desturi ya mahali pake, lakini bado lazima karatasi itoke serikalini. Katika eneo la migodi kama letu karatasi hiyo ina uzito, maana kampuni inapokuja kuzungumza ardhi na maji, inamtafuta mwenye karatasi. Nimewaona watu wazima wa ukoo mmoja wakikaa kwenye benchi la ofisi moja hapa mjini, kila mmoja na faili lake la plastiki mapajani, hawasemezani, wakisubiri mtu asiyejua hata jina la mto wao awaambie nani ni mkubwa. Hilo linaniuma. Wazee wa kila ukoo wenye kiti waandike sasa, mwenye kiti akiwa hai, kanuni ya urithi wao, na waisome mbele ya vijana na mbele ya majirani waliowahi kupigana nao. Majirani hasa.

Nilimsomea mama makala haya kabla ya kuyatoa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono akautwaa ule msalaba, akaugeuza upande unaokwaruza. "Andika na hii," akaniambia. "Hii shaba, ni batu yetu balichimbaka."

Baba hakubisha. Alisubiri amalize kuushika, akaupokea kwa mikono miwili, akaurudisha juu ya kabati.