Bibi, Daktari wa Kikorea na TV ya Chogo

Bibi yangu wa Tanga ana TV ya chogo, inchi 21, ameivalisha kitambaa cha kufuma utadhani bi harusi. Mwisho wa 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa kwa kutanguliwa na Dar es Salaam, watu wengi waliona ndiyo nafasi ya kuhamia TV bapa. Bibi alichomeka king'amuzi kwa zile waya za rangi tatu, akaendelea na maisha. Ukimshauri abadilishe, anakuuliza imekukosea nini.

Mimi, mjuaji wa ukoo, nilikwenda likizo na zawadi: sizoni ya Kikorea ambayo maneno yake nimeyatafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, usiku na usiku, sehemu tatu nzima. Nikayagandisha maneno chini ya picha, nikachoma kwenye DVD. Kwenye laptopu yalikaa vizuri, mistari miwili miwili, meupe peee.

Sasa mjue Bibi ni zao la kisomo. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Bibi alikaa dawati la mbele, na tangu siku hiyo hajawahi kusoma kitu kimyakimya. Yeye anasoma, akina mama wa jirani wamejaa mkekani wanasikiliza. Mimi nikaenda zangu barazani kunywa kahawa na kungojea sifa.

Nikasikia ukelele.

"Nilimuua baba yako kwa sumu!" Bibi anasoma. Mkeka mzima: "Haa!"

Nikashtuka. Daktari yule anayesema hayo ndiye mtu mwema kuliko wote kwenye hadithi. Nikachungulia mlangoni. Mstari wa kwanza upo. Wa pili, uliosema "ndivyo alivyokwambia? Mwongo mkubwa huyo!", haupo. TV imeumeza.

Kabla sijafungua mdomo, daktari akamgeukia mchumba wake. "Nachukia sana kukuona," akasoma Bibi. (Chini huko, gizani: "ukilia kila siku kwa ajili yangu.") Halafu: "Sina mpango wa kukuoa." (Chini: "kabla sijawaona wazazi wako.") Mama mmoja aliyekuwa na miadi ya zahanati kesho yake akatangaza kwamba haendi, madaktari amewajua leo.

"Bibi, kuna maneno mengine yamekatika..."

"Kaa chini, mume wangu. Muuaji usimtetee."

Usiku huo sikulala. Ugonjwa wenyewe ni wa tangu enzi: katika TV za kioo cha mgongo, picha ilikuwa ikivimba na kunywea umeme unapocheza, kwa hiyo watengenezaji wakaiacha imwagike kidogo nje ya fremu ili kingo nyeusi zisionekane. Kiasi cha asilimia tano kila upande huliwa. DVD zetu za PAL, yaani mfumo wa picha wa huku kwetu, picha yake ina mistari 576 kutoka juu hadi chini. Toa kama 29 juu na 29 chini. Ndiyo maana mafundi wa televisheni walikuwa wakiyabana maandishi ndani ya asilimia 80 ya katikati. Mimi nilikuwa nimeyabandika ukingoni kabisa, kama mtu anayelala kitanda cha wanne.

Dawa rahisi: punguza picha, uizungushie weusi, TV ile weusi ishibe. Nikafungua VirtualDub, programu ya kuhariri video, nikaishusha picha kutoka 720 kwa 576 hadi 648 kwa 518, nikajaza nyeusi pembeni. Laptopu ikanguruma kama mashine ya kusaga hadi alfajiri, uniti za umeme za Bibi zikaisha katikati, nikaenda kununua nyingine kwa hela yangu ya nauli, nikaanza upya.

Usiku wa pili mkeka ulikuwa umeongezeka watu. Habari za daktari zilishafika mtaa wa pili. Nikawasha kwa mbwembwe. Picha ikatokea yote, nadhifu. Maneno hamna. Hata mstari mmoja.

Nilikuwa nimepunguza picha kwanza, ndipo nikaweka maneno. Nayo, kwa kuwa safari hii niliyapunguza herufi, yakaenda kukaa chini kabisa, mistari yote miwili ndani ya ule weusi niliomtengea mla watu.

"Jana alikuwa na la kusema," akasema Bibi akikaza macho kwenye kioo. "Leo kimya. Dhamira inamsuta."

Nikarudi jikoni na laptopu yangu. Maneno kwanza, kupunguza baadaye, ili vyote vinywee pamoja. Ni kubadilisha mpangilio wa vitu viwili tu, na hapo nilishamaliza nauli yote ya kurudia Dar.

Usiku wa tatu, alhamdulillahi, mistari yote miwili ikakaa. Bibi alianza na malalamiko, "Mbona leo picha imekuwa ndogo? Mimi nilinunua inchi ishirini na moja," kisha akavaa miwani. Nikaanzia palepale pa sumu. Akasoma polepole, mstari wa kwanza, halafu wa pili, mpaka nukta. Mkeka kimya. Nikatabasamu, nikasubiri.

Bibi akavua miwani, akawageukia wenzake.

"Mnamwona? Amesikia mtaa mzima unamsema, sasa anageuza maneno."